Kumkabidhi mtoto mchanga kwa njia salama Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani: mama mwenyewe, baba, shangazi au mama mdogo aliyeambiwa siri, mchungaji, imamu, mkalimani. Maswali yamepewa namba ili usilazimike kusoma yote.

Kama mtoto amezaliwa sasa hivi na uko peke yako, piga 911, taja anwani, kisha sema neno "Swahili". Maelezo zaidi yako swali la 9.

## Misingi

1. Sheria hii inasema nini hasa?

Inamruhusu mzazi asiyeweza kumlea mtoto wake mchanga amkabidhi kwa watu waliotajwa na sheria, kama wauguzi wa hospitali, askari wa zimamoto au wahudumu wa ambulensi, bila kushtakiwa kwa kumtelekeza. Mtoto awe hajadhuriwa, na awe ndani ya umri uliowekwa na jimbo. Kwa Kiingereza sheria hizi huitwa "Safe Haven", na maneno hayo ndiyo utakayoyaona kwenye vibao vya hospitali na vituo vya zimamoto. Yakariri, maana hata usipojua Kiingereza kingine, maneno hayo mawili yanatosha kumwambia anayekupokea umekuja kwa shida gani.

Jambo la kushika kabla ya yote ni hili: mtoto apokelewe na mtu (sanduku maalumu la ukutani limeelezwa swali la 10). Ukimlaza mlangoni, kwenye gari la mtu au chooni hospitalini ukaondoka, kwa sheria za karibu majimbo yote hapo umemtelekeza, hata kama mlango ule ni wa kituo cha zimamoto. Umbali kati ya kulindwa na kushtakiwa unaweza kuwa hatua tatu na kengele moja.

2. Ni sheria ya nchi nzima?

Hapana. Kila jimbo lina yake. Texas ilianza mwaka 1999, California ikafuata na sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2001, na kufikia mwaka 2008 majimbo yote 50 yalikuwa nayo. Kwa hiyo alichokwambia ndugu yako wa Columbus kinaweza kisiwe kweli kwako wewe uliye Grand Rapids. Sheria inayokuhusu ni ya jimbo unapomkabidhi mtoto.

Majimbo hurekebisha sheria hizi mara kwa mara, na mengi yamekuwa yakiongeza siku. Shirika la National Safe Haven Alliance lina simu ya bure, 1-888-510-2229, ambako unaweza kuuliza sheria ya jimbo lako bila kujitaja jina.

3. Mtoto awe na umri gani?

Saa 72 tangu kuzaliwa: California, Washington, Michigan. Siku 7: Minnesota. Siku 30: Ohio, Kentucky, Illinois, New York, Georgia, Arizona, na Florida, ambayo hadi mwaka 2024 ilikuwa siku 7. Siku 60: Texas. Siku 90: Iowa na New Mexico. North Dakota inaruhusu hadi mwaka mmoja.

Hesabu inaanza saa mtoto alipozaliwa. Aliyezaliwa Los Angeles Ijumaa saa nne usiku, mwisho wake ni Jumatatu saa nne usiku. Watu wengi hukosea hapa kwa kuhesabu siku ya kuzaliwa kama siku sifuri. Kama muda umeshapita, soma swali la 24 kabla ya kukata tamaa.

4. Kwa nini umri unabanwa hivyo?

Kwa sababu sheria ilitungwa kwa ajili ya saa zile za hatari baada ya kujifungua, pale mama aliyeficha mimba anapokuwa peke yake, anavuja damu na ana hofu. Nebraska ilionyesha kinachotokea umri usipotajwa. Sheria yake ya Julai 2008 ilisema "mtoto" tu. Katika miezi michache zaidi ya watoto 30 waliachwa hospitalini, wengi wao wakubwa wa umri wa shule, na baadhi waliletwa kutoka majimbo mengine. Baba mmoja aliacha watoto 9 kwa siku moja mjini Omaha. Novemba mwaka huo bunge la jimbo liliitwa kwa kikao maalumu, likaweka kikomo cha siku 30.

Wazazi wale walikuwa wameelemewa kweli, na wengi walikuwa wametafuta msaada wa vijana wenye matatizo makubwa bila kuupata. Kama shida yako ni ya mtoto mkubwa, zimamoto si mahali pake. Piga 211 upate huduma za jamii za eneo lako.

5. Nani anaruhusiwa kumpeleka?

Majimbo mengi yanamkubali mzazi yeyote, mama au baba. California inamkubali pia mtu mwenye haki ya kisheria ya kumlea mtoto. Minnesota inamkubali mtu aliyetumwa na mama. Georgia na Tennessee, sheria inamtaja mama.

Bibi, dada au mchungaji anayetaka kusaidia afanye jambo rahisi: amsindikize mama, au akae naye ambulensi ifike. Usimchukue mtoto wa mwenzako ukampeleka peke yako kwa sababu "familia imekaa ikaamua". Mama asiporidhia, huo ni wizi wa mtoto.

## Mahali na watu wa kupokea

6. Nimpeleke wapi?

Hospitali yenye idara ya dharura ndiyo jibu linalofaa karibu kila mahali. Iko wazi usiku kucha, ina daktari wa mtoto na wako, na ina mkalimani wa simu. Kituo cha zimamoto kinakubalika katika majimbo mengi, ila California ni vile vilivyoteuliwa na kaunti, vyenye kibao cha bluu na nyeupe. Polisi wanapokea Illinois, Ohio, Michigan, Kentucky na Georgia, lakini Florida hawamo katika orodha.

Ukichanganyikiwa, nenda hospitali.

7. Nimefika kituo cha zimamoto, hakuna mtu. Nifanyeje?

Hili hutokea kuliko watu wanavyodhani. Gari moja likitoka kwenda kwenye ajali, kituo kidogo hubaki kitupu. Na katika miji midogo vituo vingi ni vya watu wa kujitolea ambao hawalali pale, huitwa kutoka majumbani kwao.

Bonyeza kengele. Angalia kama kuna simu ya dharura ukutani karibu na mlango, vituo vingi vinayo. Ikiwa hakuna jibu, piga 911 ukiwa hapohapo, sema uko kwenye kituo gani, una mtoto mchanga, na useme "Safe Haven". Mshike mtoto kifuani mpaka wafike. Usimwache kwenye ngazi ukiamini watarudi punde. Mtoto mchanga hupoteza joto haraka, hasa akiwa bado na unyevu, na wakati wa baridi hata dakika chache nje zinamhatarisha.

8. Naweza kumpeleka kanisani au msikitini?

Katika majimbo machache tu, na kwa masharti. Kentucky inakubali nyumba za ibada zilizojiandikisha kushiriki, zikiwa na kibao na mtu wa kupokea katika saa zilizotangazwa. Arizona inakubali kanisa lenye mtumishi anayepokea. Kanisa lenu linalokodi ukumbi Jumapili mchana haliingii hapo. Mchungaji au imamu akijiwa na mama wa namna hii, ampeleke hospitali au apige 911 naye akiwa pembeni.

9. Nimejifungulia nyumbani, sina gari. 911 watakuja?

Watakuja, popote nchini, kwa sababu kujifungua nyumbani bila mkunga ni dharura yenyewe. Majimbo kama Michigan, Minnesota, Iowa na Florida yanasema wazi kuwa mtoto anaweza kukabidhiwa kwa wahudumu waliokuja kwa simu ya 911. Florida inamtaka mzazi abaki na mtoto mpaka wamchukue. Kwingine watakupeleka hospitali wewe na mtoto, na makabidhiano yatafanyika kule.

Anza kwa anwani, hata kabla ya kueleza shida, maana simu ikikatika angalau wanajua pa kuja. Kisha "Swahili". Kutakuwa na ukimya huku mkalimani akiunganishwa kwa simu. Usikate. Simu ya mkononi isiyo na laini inayofanya kazi bado inaweza kupiga 911 Marekani, ila wao hawataweza kukupigia wewe, kwa hiyo ukikatika piga tena.

Wakati unasubiri, mfute mtoto kwa kitambaa kikavu, mgongo na kichwa, mpaka alie. Mlaze kifuani kwako ngozi kwa ngozi, mjifunike nyote wawili na umvike kitu kichwani, uso ukiwa wazi. Usimwogeshe. Kitovu usikikate, wahudumu watafanya hivyo kwa vifaa safi. Kondo la nyuma likitoka lenyewe, lifunge kwenye kitambaa au mfuko ukae karibu na mtoto. Lisipotoka usilivute. Usipake majivu, mate wala dawa ya meno kwenye kitovu, na usimpe maji, sukari wala asali. Kumnyonyesha unaweza, na hakukuondolei haki yoyote. Mtoto asipopumua au akiwa mlegevu, mwambie mpokea simu mara moja, atakuelekeza hatua kwa hatua.

Mtoto kulazwa mapajani ndani ya gari bila kiti chake ni hatari na ni kosa la barabarani. Na mama aliyejifungua saa moja iliyopita hapaswi kushika usukani. Ndiyo maana 911 inafaa hata kama rafiki ana gari.

10. Yale masanduku ya ukutani ni nini?

Ni sanduku lililojengwa kwenye ukuta wa kituo cha zimamoto au hospitali, lenye mlango nje na mwingine ndani. La kwanza la shirika la Safe Haven Baby Boxes liliwekwa Woodburn, Indiana, mwaka 2016. Unafungua mlango wa nje, unamlaza mtoto kitandani ndani yake, unafunga, na mlango hujifunga kwa kufuli. Ndani kuna joto lililodhibitiwa. Kengele haisikiki nje. Inalia kwa waokoaji, nao humchukua mtoto kwa mlango wa ndani.

Si majimbo yote yanayaruhusu, na pale yasiporuhusiwa hakuna sanduku linalokulinda. Lina kasoro moja kubwa: linamsaidia mtoto, lakini hakuna anayemwona mama. Kama unatokwa na damu nyingi au unajisikia kuzimia, chagua mlango wenye watu.

## Makabidhiano yenyewe

11. Niseme nini?

"Safe Haven." Kisha umpe mtoto mtu aliyevaa sare au beji. Hospitalini, mtu wa mapokezi anaweza asielewe na akuelekeze ukae foleni ukijaza fomu za mgonjwa. Rudia maneno yale na uombe muuguzi. Huna haja ya kueleza sababu, na hakuna anayestahili kukushinikiza uieleze.

Atakuuliza kama mtoto ameumia na alizaliwa lini. Jibu hayo mawili kwa ukweli: la kwanza linaokoa maisha yake, la pili linathibitisha kuwa uko ndani ya muda.

12. Wataniuliza jina au kitambulisho?

Wanaweza kuuliza, si lazima ujibu. Majimbo mengi yanakuruhusu kuondoka bila kujitaja, isipokuwa kuna dalili kuwa mtoto amepigwa au ameteswa. Lakini usiri una mipaka yake. Simu ya 911 hurekodi namba na mahali, na hospitali uliyojifungulia ina faili lako (swali la 23). Faili la hospitali hulindwa kama siri za mgonjwa.

13. Ile karatasi ya maswali ya afya ina faida gani? Nisipojaza?

Usipojaza, sheria inakulinda vilevile. Lakini ukipata nguvu ya kujaza swali moja tu, lijaze, maana baadhi ya majibu yana saa za kuisha. Mtoto wa mama mwenye VVU anatakiwa aanze dawa mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa 6 tangu kuzaliwa. Mama akiwa na homa ya ini B, mtoto anahitaji chanjo pamoja na sindano ya kinga ndani ya saa 12. Ugonjwa wa selimundu ukiwa katika ukoo, na kwetu ni wa kawaida, utaje. Taja pia malaria wakati wa ujauzito, kaswende, kisukari, na dawa ulizotumia, zikiwemo za kienyeji.

Karatasi hiyo kwa kawaida hutolewa ndani ya bahasha. Unaweza kuondoka nayo, ukaijaza nyumbani na kuituma kwa posta bila jina. Andika kwa Kiswahili kama ndicho unachoweza. Hospitali ina njia ya kutafsiri.

14. Wamenipa bangili yenye namba. Niitunze?

Itunze. California hufunga bangili yenye namba ya siri kwenye kifundo cha mguu cha mtoto na kukupa nakala yake. Ukitaka kumrudia, namba hiyo inakuunganisha na yeye bila kupitia jina. Haithibitishi kuwa wewe ni mzazi, ila inaharakisha hatua. Iweke mahali ambapo hutaulizwa habari zake.

15. Naweza kumwachia barua, jina au khanga?

Ndiyo. Khanga au kitenge ulichomfungia, rozari, tasbihi, barua, jina ulilompa. Mkabidhi mpokeaji mkononi na useme ni vya mtoto. Jina wazazi wapya si lazima walitumie, lakini barua huweza kuwekwa kwenye faili lake. Watoto wengi waliokabidhiwa hivi, wakikua, huuliza walikotoka. Mistari mitatu ya lugha yako mwenyewe, ukitaja kabila na mji, ni kitu ambacho hakuna afisa yeyote anayeweza kumpa badala yako.

16. Mtoto anafanyiwa nini baadaye?

Wahudumu humpima pumzi, rangi na joto, humpasha, kisha ambulensi humpeleka hospitali. Huko anachunguzwa na daktari, anapewa sindano ya vitamini K, dawa ya macho na chanjo ya homa ya ini B, na baada ya saa 24 hadi 48 anachomwa kisigino kupima magonjwa ya kurithi. Hospitali huarifu idara ya ustawi wa watoto ya jimbo. Mtoto huwekwa kwa familia ya malezi ya muda, mara nyingi iliyo tayari kumuasili, na mahakama huanza hatua za kukomesha haki za wazazi.

## Sheria na karatasi

17. Nitashtakiwa?

Kwa kumkabidhi mtoto mzima, ndani ya muda, kwa mpokeaji sahihi: hapana. Majimbo mengine yanasema hilo si kosa kabisa, mengine, kama Texas, yanakupa utetezi ukishtakiwa. Kinga haifuniki madhara aliyofanyiwa mtoto. Akiwa na majeraha ya kupigwa, polisi wataitwa.

18. Sina makaratasi. Uhamiaji wataarifiwa?

Sheria hizi hazimtaki mzazi aonyeshe hadhi ya uhamiaji, na askari wa zimamoto hana fomu ya kuiuliza. Kama una kesi ya hifadhi au ya ukaazi inayoendelea, zungumza na mwanasheria wako kabla ya kujaza fomu yoyote inayouliza idadi ya watoto wako. Usidanganye kwenye fomu ya uhamiaji kwa kuogopa siri kufichuka. Uongo huo unaweza kukudhuru zaidi ya ukweli wenyewe.

19. Mtoto atakuwa raia wa nchi gani?

Sheria ya uraia ya Marekani inasema mtoto aliyekutwa nchini akiwa chini ya miaka 5, na wazazi wake hawajulikani, ni raia, isipokuwa ithibitike kabla hajafikisha miaka 21 kuwa hakuzaliwa Marekani. Kutojitaja kwako hakumwachi mtoto bila nchi.

20. Nikibadili mawazo?

Wahi. California inatoa siku 14, Michigan siku 28 za kwenda mahakamani, Illinois siku 60. Rudi ulipomkabidhi au piga simu ya idara ya ustawi wa watoto. Watathibitisha kuwa wewe ni mzazi, kwa kawaida kwa kipimo cha vinasaba, na wataangalia kama nyumbani ni salama. Hapo usiri unaisha, kwa sababu lazima ujitambulishe. Muda ukipita, mahakama ikishakomesha haki zako, kurudi nyuma karibu haiwezekani.

21. Baba hakuambiwa. Ana haki?

Ana haki, na hapa ndipo sheria hizi zinapolalamikiwa zaidi. Majimbo mengi huangalia daftari la wanaume waliojiandikisha kuwa wanadhani ni baba wa mtoto, au hutoa tangazo kwenye gazeti. Baba anayedhani ana mtoto ajiandikishe mapema, tena kabla mtoto hajazaliwa. Kuoana kimila au kuishi pamoja hakuchukui nafasi ya kujiandikisha. Mama anayemwogopa baba kwa sababu ya kipigo amwambie muuguzi. Kuna utaratibu wa kumlinda.

22. Kuna tofauti gani na kumtoa mtoto aasiliwe kwa mpango?

Kubwa. Ukipanga kupitia wakala mwenye leseni unachagua familia, unaweza kuomba picha na kutembelea, na kuomba ushauri wa mwanasheria. Ukimkabidhi kwa Safe Haven huchagui na hujulishwi. Kama bado una ujauzito na una wiki kadhaa mbele, mpango ni njia bora kwa wengi. Makabidhiano ya dharura yamewekwa kwa ajili ya yule ambaye muda umemwishia.

23. Nimejifungulia hospitali. Naweza kumwacha palepale?

Majimbo mengi yanakubali. Mwambie muuguzi mapema, kabla hujaruhusiwa kutoka, na umwombe afisa ustawi wa jamii. Hapo makabidhiano ni ya siri lakini si ya kutojulikana, kwa sababu jina lako liko kwenye faili. Usitoroke usiku kimyakimya bila kusema neno. Muuguzi akikuta kitanda kitupu ataita polisi, na wewe utakuwa umepoteza maelezo ambayo yangekulinda.

Sina bima, je? Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 inazilazimu hospitali zenye idara ya dharura kumhudumia mama mwenye uchungu bila kuangalia bima wala makaratasi, na Medicaid ya dharura (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) inaweza kulipia uzazi wa asiye na hadhi ya ukaazi. Usitumie jina wala kadi ya dada yako. Mbali na kuwa kosa, damu na mzio wake si vyako, na jina lake ndilo litakaloandikwa kama mama wa mtoto.

Nyumbani ulikorudi, rudi hospitali au piga 911 ukijaza pedi moja ndani ya saa moja, ukitoa mabonge makubwa kama yai, ukipata homa ya 38°C au zaidi, kichwa kikikuuma sana na macho kuona maruerue, au kondo la nyuma likiwa halijatoka baada ya nusu saa. Mwenye damu ya kundi hasi (Rh negative) anaweza kuhitaji sindano ndani ya saa 72 ili ujauzito ujao usidhurike. Mawazo ya kujidhuru au huzuni isiyokwisha: 1-833-852-6262, simu ya bure ya saa 24 kwa wajawazito na waliojifungua, yenye wakalimani.

## Hali zisizo za kawaida

24. Muda umepita. Niache tu?

Hakuna askari wa zimamoto atakayekurudishia mtoto ukiwa umezidisha siku mbili. Atampokea. Kinachobadilika ni kinga yako: inaweza isikufunike, na idara ya ustawi itakutafuta. Njia salama zaidi ni kupiga 1-888-510-2229 au idara yenyewe na kuomba malezi ya hiari au kuasilisha. Mzazi anayeomba msaada kwa mlango wa mbele hutendewa tofauti na anayepatikana baadaye.

25. Binti ana miaka 15. Anaruhusiwa?

Anaruhusiwa. Sheria hizi kwa kawaida haziweki umri wa chini wa mama, na hazimtaki aje na mzazi wake. Ila wauguzi wanatakiwa kisheria kuripoti wakishuku kuwa mtoto amenajisiwa. Kwa binti aliyepewa mimba na ndugu au mtu mzima, ripoti hiyo ni mlango wa kutokea. Mapacha nao hukabidhiwa kama mtoto mmoja, na mtoto mwenye ulemavu au mgonjwa hupokelewa sawa na mwingine yeyote.

26. Mtoto amezaliwa amekufa.

Pole sana. Piga 911. Sheria hii haihusiki, na kumzika au kumficha ni kosa hata kama hukumdhuru. Usijiaminishe kuwa amekufa. Wahudumu wamewahi kuwarudisha watoto waliodhaniwa hivyo.

27. Nimeokota mtoto mlangoni.

Mpashe joto, piga 911, baki hapo. Usimpeleke nyumbani kumlea, hata kwa nia njema.

28. Niko Kanada au Ulaya. Sheria ni hizohizo?

Kanada haina sheria ya namna hii. Zipo hospitali chache zenye kitanda cha kupokelea, kama St. Paul's ya Vancouver tangu 2010. Ujerumani, tangu 1 Mei 2014, mama anaweza kuzaa hospitalini kwa jina la kupanga. Taarifa zake hufungwa kwenye bahasha, na mtoto anaweza kuomba kuziona akifikisha miaka 16. Ufaransa inamruhusu mama kuzaa bila kujitaja, na ana miezi miwili ya kubadili mawazo.

29. Mdogo wangu yuko Kenya au Tanzania. Kuna kitu kama hiki?

Kanuni za Adhabu za nchi zote mbili zinaharamisha kumtelekeza mtoto na kuficha uzazi, na hakuna kifungu cha kinga kama cha Marekani. Asimwache mtoto getini kwa kanisa au kituo cha yatima akidhani amefuata sheria.

Njia iliyo wazi ni kusema kabla, kwa mtu mwenye dhamana. Kliniki ya wajawazito inaweza kumuunganisha na afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Tanzania, aende kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kenya, aende ofisi ya watoto ya kaunti ndogo; huko mtoto hawezi kuasiliwa kabla ya wiki 6, kwa hiyo mama ana muda wa kufikiri huku mtoto akilelewa. Simu ya bure ya watoto katika nchi zote mbili ni 116. Kama binti anaogopa kupiga, piga wewe uliye karibu naye, lakini awe pembeni na aseme mwenyewe anachotaka.